Ijumaa Wananitaka Ninyamaze

Gando, Jumanne, 6 Oktoba 1959

Jua kali tangu asubuhi. Karafuu zimekauka vizuri juu ya majamvi, hazina haja tena na mkono wangu, na bado nimekwenda kuzigeuza mara nne. Mama ananicheka, anasema bibi harusi gani huyu asiyetulia.

Sijamwambia kwa nini situlii.

Wiki iliyopita, nilipokuwa narudi kutoka kuchuma karafuu na wenzangu, mchumba wangu Khatibu aliningoja njiani. Akanivuta mkono mbele za watu, akaniuliza nacheka na nani. Alama za vidole vyake zilibaki. Kesho yake dada yake akaleta doti ya kanga na halua, nyumba nzima ikafurahi. Bibi akasema mwanamume asiye na wivu hana mapenzi. Nami nikacheka pamoja nao. Nikiri hapa hapa: kanga niliipenda, na niliijaribu mara mbili.

Jana dada yangu Mkasi, aliyeolewa Wingwi, alikuja kusaidia kazi za harusi. Tulikuwa tunachambua karafuu, akaiona ile alama.

"Nkono huo kakushika nani?"

Nikamwambia. Hakushtuka. Akaniuliza Khatibu keshanikataza mambo gani. Nikaanza kuyataja kwa majivuno: nisiende tena kuchuma, nisiende maulidini, nisikae barazani kwa binamu zangu. Nilipofika hapo sauti ikanipungua yenyewe.

"Wangu alianza vivyo hivyo," akasema. "Kwanza nkono, kisha kanga. Sasa kanga n'nazo sanduku zima."

Na mimi nilidhani nimependwa!

Ijumaa Baba atasimama mlangoni kwangu na mashahidi wawili, aniulize kama namruhusu aniozeshe. Bi Time, somo yangu anayenifunda unyumba, amenifunza la kufanya: niinamishe kichwa, ninyamaze, kimya cha mwari ndiyo idhini yake. Hapo hapo wanawake watapiga vigelegele. Sijapata kusikia mwari aliyejibu "sitaki". Leo nimelijaribu neno hilo jikoni peke yangu, likatoka kama kikohozi.

Lakini kwa nini nisubiri Ijumaa, mbuzi keshachinjwa na wageni wamejaa ukumbini? Heri nimwambie Baba leo.

Naogopa, sitasema uongo. Watu watasema nimemwaibisha mzee wangu. Bi Time atasema kazi yake imepotea bure. Baba mwenyewe atafoka, tena sana. Ila hasira ya Baba naijua, huisha kwa kikombe cha kahawa. Ya Khatibu nimeuona mwanzo wake tu. Kuhusu mwisho, namtazama dada yangu: akitaka kujitoa kanga begani, hutazama kwanza kama mlango umefungwa.

Baba amerudi kutoka kuswali alasiri, namsikia anazungumza na Mama uani. Naenda sasa hivi, kabla haya haijanirudia.