Radi Kavu Ilivyopiga Houston

Mesquite, Texas
Agosti

Mpendwa dada Concilie,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba karatasi hii ikukute umesimama kwa miguu yako, ule mgongo umekuachia, shemeji yuko salama na watoto wanakula wakashiba. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenihama. Joto la huku mwezi huu ni kali hadi usukani wa gari haushikiki. Utashangaa kwa nini sikukutumia sauti kwenye simu kama kawaida. Sauti zetu zinarushwa kundi hadi kundi, na haya nataka uyasome wewe kwanza, peke yako. Nimemkabidhi Kamugisha barua hii, anakuja huko Kasulu kuwaona wazazi wake.

Bendi yetu umeisikia kwa midomo ya watu tu, kwa hiyo nianzie mwanzo. Tulipofika hapa kaka yetu Claude alipata kazi ya kupakua matairi ghalani, mimi nikawa napiga ngoma kwenye kwaya ya Kiswahili parokiani. Kazini kwao kulikuwa na mtu aliyefungulia roki nzito kutwa nzima, magitaa yakiunguruma kama mashine ya kusaga. Wenzake walilalamika, lakini Claude aliniambia kuwa hiyo ndiyo sauti iliyokuwa kichwani mwake tangu kambi ya wakimbizi, ila hakujua kama kuna watu wanaipiga kwa vyombo. Akanunua gitaa kuukuu na amplifaya iliyopasuka. Akaniomba nimpigie chini yake mapigo ya nyumbani, yale ambayo babu alisema mwanamke hayagusi. Nikayapiga. Cheruiyot, Mkenya aliyekuwa akisoma chuo pale Richardson, akaja na gitaa la besi, na gereji ya nyumba aliyopanga ikawa yetu. Tukajiita Radi Kavu, kwa zile radi za huku zinazopiga bila tone la mvua.

Hatukumjua mtu mwingine aliyekuwa akipiga roki nzito kwa Kiswahili. Mara ya kwanza, kwenye sherehe ya mahafali DeSoto, akina mama walibeba sahani zao wakatoka nje, na mzee mmoja akachomoa waya ukutani. Lakini vijana walitufuata hadi kwenye gari. Watoto hawa unaowasalimia kwa Kiswahili wakakujibu kwa Kiingereza, wakawa wanaimba viitikio vyetu neno kwa neno. Kabla hatujatoa hata albamu, zikazuka bendi za vijana wa Kikongo, Kirundi na Kikenya, Fort Worth na Houston, zikipiga kama sisi, hadi nguo zikavaliwa kama zetu.

Wimbo uliotupa jina ni "Bomoa". Claude aliutunga kuhusu siku nyumba yetu ya kambini ilipoangushwa na askari. Wewe uliyetulea unaikumbuka siku ile kuliko mimi. Unakumbuka alivyopigwa rungu za mgongoni huku amekumbatia masufuria. Tukifika kwenye kiitikio watu walirukiana vifua kwa vifua, pua zikavunjika, na Claude akavunja viti jukwaani huku akicheka. Nilidhani anautoa uchungu. Kumbe alikuwa akiunoa. Siku moja Cheruiyot alikosea kuingia, Claude akamrushia stendi ya maikrofoni, ikampasua juu ya jicho. Cheruiyot alishonwa, akarudi wiki iliyofuata. Nilipomuuliza kwa nini amerudi alisema hajawahi kupiga muziki wa kweli kabla ya huu.

Mwaka jana, mwezi wa tano, tulialikwa Houston, tamasha la mchana kwenye uwanja wa magari nyuma ya ukumbi. Waliotutangulia jukwaani ni Chuma Moto. Mwimbaji wao Wilfred, kijana wa Kikenya aliyezaliwa hapahapa, alijifunza gitaa kwa kutazama vidole vya Claude kwenye video. Alitupokea kwa mikono miwili, akatuita wazee wake. Mwisho wa zamu yao wakapiga "Bomoa" kwa kutuheshimu. Wilfred alikuwa ameongeza ubeti wake mwenyewe, kuhusu watoto ambao hawakuiona kambi lakini wanawasikia wazazi wao wakipiga kelele usingizini. Dada, watu walilia huku wakishangilia. Sisi hatujawahi kushangiliwa vile.

Claude alikuwa nyuma ya jukwaa, gitaa shingoni, uso umemkauka. Akapanda. Wilfred alipomwona alifurahi, akapiga goti, akatangaza kwenye maikrofoni, "Baba yetu huyu hapa!" Claude akavua gitaa, akalishika shingo, akalizungusha. Pigo la kwanza lilimpata shavuni. Watu wakashangilia, simu juu, wakidhani ni mchezo. La pili lilimpata jichoni na nikausikia mfupa, niliusikia juu ya kelele zote. Wilfred akaanguka. Bendi yake ikaacha kupiga, lakini umati uliendelea wenyewe, "Bomoa! Bomoa!", na Claude akawa anapiga kwa kufuata mapigo yao.

Nilimrukia mgongoni nikamkaba. Akanitwanga kiwiko mdomoni, meno mawili yakatoka. Nikaokota chuma cha kushikilia matoazi nikampiga nacho mkono hadi gitaa likamdondoka. Aliponigeukia hakunijua. Alinitazama kama alivyowatazama wale waliotuangushia nyumba.

Wilfred alipoteza jicho la kushoto, na taya lake limeshikwa kwa vyuma. Mama yake ni nesi, alifika hospitali akiwa bado na sare za kazi. Alipoambiwa mimi ni dada wa nani, hakunitukana. Alichukua pamba akanifuta damu.

Wakili wa Claude alisema yalikuwa maigizo waliyopatana, mkono ukateleza. Video zote zilimwonyesha Wilfred akipiga goti na kucheka, na watu wakishangilia. Wilfred mwenyewe hakumbuki kitu cha siku ile. Wengi tuliamini Claude atarudi nyumbani. Ndipo akapatikana shahidi aliyesikia maneno ya Claude kabla hajapanda jukwaani. Claude akashauriwa akubali kosa, akafungwa miaka minane. Bendi zilizotuiga zipo bado, na nyingine sasa zinapigana jukwaani makusudi, zikidhani hiyo ndiyo roki. Mwezi uliopita kijana wa Fort Worth alipasuliwa kichwa kwa mtindo huo. Wilfred anaimba akiwa ameketi. "Bomoa" anaipiga bado, anasema wimbo hauna kosa.

Sasa nifike kwenye neno lililonitoa usingizini. Ile sauti uliyoituma, ukimlaani shahidi huyo mkono unyauke na uzazi ufungwe, imezunguka kila kundi la Warundi kutoka hapa hadi Houston. Ukamtaja Cheruiyot, kwa kuwa Claude aliwahi kumpasua. Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, vijana wawili walimkuta nje ya duka la vyakula DeSoto. Mmoja alimkalia kifuani, mwingine akambana vidole kwa mlango wa gari, kimoja baada ya kingine, wakimwita msaliti. Alinipigia akiwa hospitali, nesi amemshikia simu. Aliniambia neno moja tu: "Ella, ambia dadako aache."

Dada, Cheruiyot hakuwaambia askari chochote. Claude alipokuwa akingoja kupanda jukwaani, yeye alikuwa garini akitafuta nyaya. Aliyesimama na Claude nyuma ya jukwaa ni mimi peke yangu. Claude aliniambia, "Huyu mtoto ameniibia kilio changu. Leo namvunja, asisimame tena mbele ya watu." Nilimshika shati, akajinasua. Hayo ndiyo niliyowaeleza waendesha mashtaka. Nilikwenda mwenyewe, hakuna aliyeniita. Nilivumilia hadi siku wakili aliposema ni mchezo, nikamwona mama yake Wilfred anavyokunja kitambaa mikononi, nikashindwa.

Claude anajua. Alisomewa maelezo yangu. Nilipomtembelea gerezani, tukiongea kupitia kioo, nilimuuliza kwa nini hajakwambia. Akasema wewe ukijua utanifuta, na yeye yuko ndani, utabaki huna ndugu. Nilimwambia Cheruiyot ndiye anayeubeba mzigo wetu. Akasema Cheruiyot atavumilia, amezoea. Ndivyo alivyo kaka yetu, Dada. Katika pumzi moja alinilinda mimi na kumtupa mwenzake, na mimi nikarudi nyumbani nikanyamaza pamoja naye, mpaka vidole vya mtu vikavunjwa.

Ukimaliza kusoma, nakuomba kwa magoti, shika simu uwaambie watu kwa sauti ileile iliyomtaja Cheruiyot. Sema shahidi ni Ella, uliyemfundisha kusema kweli hata mbele ya mwenye rungu. Na kama laana huwezi kuirudisha, basi iache isimame, lakini itume kwa jina langu.

Msalimie shemeji, na watoto mmojammoja. Claude anakula, na mkono wake umepona. Nakuombea mgongo wako, nawe ukiweza, niombee.

Ni mimi mdogo wako, kama bado unaniita hivyo,

Ella