Mihogo ya Moto Kwenye Mfuko Wetu

Shikamoo Baba,

Dar kuna joto la kunata, ila jioni upepo unapita. Jana nilimpelekea Mama Rehema, mteja wetu wa Kariakoo, mifuko ya karatasi ya kiwanda chetu. Alitia mihogo ya kukaanga kwenye mmoja, ukachanika palepale dukani kwake. "Mwanangu, karatasi yenu hapa nene, pale nyembamba," akasema kwa upole. "Itabidi nichukue ya kutoka nje."

Leo nimepeleka ile ndoo ya rojo la kutengenezea karatasi niliyokuja nayo kutoka kiwandani kwa fundi wa mtaa wa Mchafukoge anayeuza mashine ndogo ya kushindilia na kukausha. Tulipoijaribu, karatasi ikatoka na unene sawa kila mahali. Nikakunja mfuko, nikarudi dukani. Mama Rehema akaujaza mihogo ya moto, akautikisa, kisha akanisogezea kachumbari. "Kaa ule," akasema, "halafu uniambie mtaanza lini."

Baba, fremu zako za mbao za kuchujia karatasi kwa mkono ndizo zilizotusomesha. Usizitupe, wenye kadi za harusi bado wanapenda karatasi ya mkono. Ila mashine hii naomba tuichukue. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu tungebishana. Fikiri taratibu, unywe kahawa yako, kisha unipigie.

Binti yako akupendaye,
Neema