Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amefika. Anasema atakaa siku mbili tatu, lakini mizigo yake ni ya mtu aliyehama. Haya. Vidonge vyangu nimevitoa kabatini nikavificha kwenye kopo la vifungo, chini ya cherehani. Likitikiswa, nani atajua kama ni vidonge au vifungo? Vya mume wangu vimo kwenye boksi lake la koleo na nyaya, analotoka nalo na kurudi nalo. Fundi umeme huyo, mtaa mzima unamwita Waya. Vyake ni vya kutibu. Vyangu ni vya kinga tu, mpaka virusi vyake vishuke, ndivyo alivyosema muuguzi. Yeye anavyo, mimi sina. Mama hajui, na Waya ameniapisha nisiseme.

Jumatano, 5 Machi
Mjinga mimi! Fundi cherehani mzima, naficha kitu kwenye kopo la vifungo!
Nilitoka kumpelekea mteja sketi. Kurudi, Mama yuko kwenye kiti changu, gauni mapajani, chupa ya vidonge mkononi. Alikuwa anatafuta kifungo. Vidonge anavijua — alimuuguza mdogo wake mpaka akamzika. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu kama mwanawe anajua. Nikasema anajua. Akarudisha chupa, akachagua kifungo cheusi, akakishona mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Kikombe. Cha bluu, chenye pengo, kimewekwa peke yake dirishani. Tangu asubuhi Mama ananimiminia chai humo tu.
Nimemwambia Waya. Ameinamisha kichwa. Eti nimpe muda, Mama ana presha. Na mimi nina nini, moyo wa chuma? Sentensi moja tu ningetoka safi. Moja! Nimeimeza pamoja na kidonge. Naogopa siku itakayonitoka.

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki. Nimemwaga yote kwa muuguzi. Akaanza kwamba kikombe hakiambukizi — nikamkatiza, najua, tena mimi hata virusi sina! Akaniangalia.
"Na ungekuwa navyo, dada, hicho kikombe kingekuwa haki yako?"
Njia nzima nimeona aibu. Nilimwonea huruma nani siku zote hizi? Mimi mwenyewe. Waya analala na hofu ya kutengewa kikombe kila siku, na mimi ninayempenda nilikuwa natafuta kutoka safi.

Jumapili, 9 Machi
Wifi amekuja kutusalimia. Chai mezani. Akanyoosha mkono dirishani, Mama akamwambia taratibu aache hicho cha bluu. Wifi akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Nikatamani sakafu ipasuke.
Waya akasimama. Akachukua kile kikombe, akajimiminia, akanywa.
"Mwanangu, hicho si chako."
"Ni changu, Mama. Kaa kwanza."
Hakukaa. Waya akanigeukia, akaniomba nimletee boksi lake la kazi, lile la koleo. Nimekuja chumbani kulichukua. Naandika nimesimama, sijui kwa nini naandika. Boksi ni zito, na kila nikilinyanyua vidonge vyake vinalia ndani.
Ananiita.