Mkono wa Mwaija

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepewa daftari. Mwalimu kasema la kuchorea. Kuchora bado sijui, basi naandika. Darasa la nne nililoishia halikunifunza picha, lilinifunza viboko.

Leo nimekuwa mwanafunzi! Mimi Mhina, niliyezeekea kiwandani kwenye korona, mashine ya kukwangua mkonge, nimekaa dawati moja na binti anayetafuna jojo. Anaitwa Ikram. Kaniamkia, shikamoo babu, halafu kauliza kama nimekuja kumsajili mjukuu. Nikamwambia mjukuu ndiye mimi.

Ni darasa la likizo, kwenye ukumbi mmoja Manundu, Korogwe mjini. Mwalimu Gerald Semboja, kijana wa Lushoto, ndevu tatu. Anafundisha kuchonga kibao, kukipaka wino na kupiga chapa kwenye karatasi. Siku nyingine kusuka vitu vya singa za mkonge. Singa! Nimezikohoa maisha yangu yote, leo nafundishwa kuzishika.

Aliyenileta huku ni mke wangu, Mwaija. Kanifukuza nyumbani. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa nne, mkono wake wa kulia umelala na mguu unaburuzwa. Mdomo mzima. Kaniambia, Baba Hafsa, unanikodolea macho kutwa kama fundi anayepima mbao, nenda kokote. Jirani yetu Dorkasi atakaa naye asubuhi.

Nikaenda kokote. Ndiyo huku.

Jumatano, 11 Juni

Nimechonga mbuzi kwenye soli ya ndala kuukuu. Ndiyo somo la kwanza, soli, ni laini, ukiharibu hulii. Mwalimu kasema, mzee, ng'ombe mzuri.

Nyumbani si pazuri. Mwaija hali chakula. Wiki jana binti yetu Hafsa alikuwepo, akimlisha matonge, alikula. Hafsa karudi kwake Misima, huko Handeni, mahindi yanamngoja shambani na watoto wanamngoja ndani. Tonge la mkononi mwangu Mwaija halitaki. Mimi si kifaranga, kasema, na mikono yako naijua ilikopita. La Dorkasi halitaki vilevile. Dorkasi anaruhusiwa kumshikia kikombe cha uji, basi. Kwake, kulishwa tonge ni kwa mkono wa mwanao tu.

Na mkono wa kushoto upo. Mzima! Lakini huo ni wa chooni. Anajikokota mwenyewe mpaka uani, anajitawadha mwenyewe, hataki mtu karibu na mlango. Hapo ndipo alipobakiza heshima yake yote. Sasa mkono uleule urudi ndani uingie kwenye sinia? Afadhali njaa, kasema.

Nimemwambia mie nimeoa kichwa cha punda. Kasema punda anakula majani kwa mdomo, hana tabu hizi.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya sala nimemleta ustadhi Muhsin. Nimemwomba amtoe mke wangu kwenye ujinga wake. Akakaa kwenye kigoda, akasafisha koo. Bibi, dini yetu ni nyepesi, mwenye dharura ana ruhusa.

Mwaija kamsikiliza kwa adabu zote. Kisha kasema, ahsante ustadhi, ruhusa nimeisikia. Hiyo hapo sahani ya tende. Chukua moja kwa mkono wa kushoto, ule, nikuone.

Ustadhi katazama tende. Katazama mkono. Kaniangalia mimi — mimi naangalia dari. Kasema Mwenyezi Mungu akupe shifaa, bibi, akavaa viatu.

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Yeye pia alicheka, upande mmoja wa uso. Halafu Dorkasi kaleta uji, kanywa mafundo mawili, kageuza kichwa. Bega lake linatokeza kama ncha ya jembe chini ya kanga.

Jumanne, 17 Juni

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Darasani tumesuka mikanda ya singa. Wenzangu wakasuka vya kuvaa mikononi, vya urembo. Mimi nikapata akili. Nikasuka mkanda mpana, nikaweka kitanzi cha kupitisha kijiko. Nyumbani nikamfunga Mwaija kwenye mkono wa kulia, ule uliolala. Nikatupa kamba juu ya boriti, nikavuta, mkono ukanyanyuka. Kama winchi ya kiwandani! Nikamwambia, haya Mama Hafsa, unakula kwa kulia, nani atasema?

Mara ya kwanza kijiko kilimpata shavuni. Mara ya pili kikamwaga uji wote kifuani. Mkono ukaning'inia kwenye kamba. Nilikuwa nacheka bado. Nilidhani naye anacheka.

Alikuwa analia. Hata mtoto wetu wa kwanza alipokufa akiwa mdogo — Hafsa yule, ambaye huyu wa sasa karithi jina lake — hakulia mbele yangu. Kasema, nishushe.

Nikamshusha.

Alhamisi, 19 Juni

Sikwenda darasani. Mganga wa zahanati kaja kumwona. Kaninong'oneza nje kwamba mwili wake sasa unajila wenyewe, uji wa mafundo mawili haufiki popote. Dripu ni ya siku chache tu, kasema, mzee, huyu ni wa kula.

Nikamwambia, ndugu yangu, mwambie yeye.

Kamwambia. Mwaija kajibu, nimekuelewa daktari, karibu tena.

Jumatatu, 23 Juni

Nimerudi. Ikram kauliza, babu ulitoroka? Nikamwambia nilikuwa na mtihani, nimefeli.

Sasa tumepewa vibao vya mti laini na patasi ndogo ndogo. Kila mtu achonge kitu anachokijua kuliko wenzake. Vijana wamekimbilia simu na jezi za mpira. Mimi namjua Mwaija.

Namchonga akila. Siyo wa sasa, bali yule aliyekuwa akirudi shambani jioni na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Anakaa chini, miguu kaikunja, sinia la bada, ugali wa muhogo, mbele yake, mkono wa kulia umefika mdomoni na tonge kubwa kama ngumi ya mtoto. Yule hakuwa na mchezo kwenye sinia! Ukichelewa kunawa unakuta mchuzi umebaki alama.

Kwenye kibao mambo ni kinyume na akili. Unapochonga ndipo panapobaki peupe, unapopaacha ndipo panapokamata wino. Kwa hiyo mwanamke humchongi. Unachonga hewa inayomzunguka, yeye unamwacha. Mwalimu kasema nina mkono mwepesi. Kidole kimoja nimekikata hata hivyo, ubao umeonja damu.

Nitampelekea. Kuomba radhi kwa mdomo sijawahi kujua.

Ijumaa, 27 Juni

Kibao kimekwisha jana. Leo chapa.

Nimepaka wino kwa rola, nimelaza karatasi, nimesugua kwa mgongo wa kijiko kama walivyotufundisha. Polepole, kona kwa kona. Nikaibandua. Wallahi, alikuwa yeye! Nyusi zake, shingo yake, hata lile shavu linavyovimba tonge likiwa ndani. Nilisimama nayo kama mwanaume aliyepata mtoto.

Mwalimu akaining'iniza kwenye kamba ikauke. Vijana wakaja. Ikram kasema, babu, bibi anakula kwa kushoto!

Nikacheka. Nikaangalia.

Kwa kushoto.

Faraji, wa dawati la nyuma, akapasuka kwa kicheko, wengine wakamfuata. Mwalimu Gerald kaeleza, mzee, chapa hugeuza, kulia kunakuwa kushoto, kila mchongaji humtokea mara ya kwanza. Kwangu haina shida, kasema, picha ni nzuri. Kwake haina shida! Huyo kijana anadhani mikono ni miwili inayofanana.

Ningeweza kuchonga upya. Ubao umebaki. Lakini macho yangu kwa patasi ni ya asubuhi tu, na Mwaija hana wiki nyingi za kunisubiri nijifunze.

Nimeikunja karatasi nikaificha ndani ya koti.

Jumamosi, 28 Juni

Kaiona. Dorkasi kachukua koti langu kulifua — nani kamtuma? — katoa karatasi, kamwonyesha mwenyewe. Tazama mama, mzee amekuchora!

Nilikuwa uani napasua kuni. Nilipoingia Mwaija ameishika. Kauliza huyu nani. Nikasema wewe. Kasema mimi sili hivi. Nikamweleza habari ya chapa, kulia kuwa kushoto, kibao, karatasi. Nilieleza mpaka jasho. Kwa mara ya kwanza nasema kweli tupu na inasikika kama uongo.

Kasema, kwanza umenining'iniza kwa kamba. Sasa unanichora hivi.

Akavuta kanga akajifunika uso. Dorkasi kaingia na kikombe cha uji, katoka nacho kimejaa.

Jumatatu, 30 Juni

Hakunywa kitu jana. Leo maji kidogo, mdomo umekauka umepasuka.

Chooni amekwenda kwa magoti. Nilisikia, nikatoka, kasema ukinisogelea napiga kelele majirani waje. Nikarudi. Nimesimama nyuma ya mlango kama mwizi nasikiliza kata ya maji inavyogonga ndoo.

Nimempigia Hafsa. Anakuja Alhamisi, gari la kutoka Handeni siku hizi si la uhakika. Alhamisi!

Watu wameanza kuja kumjulia hali. Wanakaa, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Jamaa mmoja wa kambi ya mkonge nimemfumania anazunguka nyuma ya nyumba anapima uwanja kwa macho, turubai la msiba litakaa wapi. Nikamuuliza kama anatafuta mbuzi wangu. Kasema, hapana mzee, naangalia tu. Nikamwambia ukiangalia tena nakutoboa hilo jicho.

Darasani siendi. Patasi nimezirudisha.

Jumanne, 1 Julai

Saa tisa mchana. Naandika nikiwa mlangoni, nimewapa mgongo walio ndani. Nitaeleza kwa nini.

Dorkasi alipika bada na mchicha wa nazi akaniwekea mimi, akaenda kwake. Nikakaa na sinia karibu na kitanda. Sikula. Nikadhani Mwaija kalala. Kumbe ameitoa ile karatasi chini ya mto, anaitazama. Alikuwa nayo muda wote! Nilidhani kaichoma.

Kasema, Baba Hafsa.

Naam.

Huyu mwanamke wako wa kwenye karatasi. Mkono huu wa kushoto ndio anaolia chakula. Sasa nani anamtawadha?

Sauti yake ilikuwa ndogo, nilisogea kuisikia. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Nikaumeza.

Nikasema, mumewe.

Kanitazama. Kasema huna haya. Nikasema sina, wewe umenijua lini nikiwa nazo? Kazi hiyo naichukua mimi, mkono wako uupandishe cheo.

Akairudisha karatasi chini ya mto. Kisha kasema, wewe ni muongo tangu ujana. Maneno unayo. Nipeleke sasa hivi, nione.

Nikambeba. Nikambeba! Nilitayarisha mgongo kwa uzito wa mke wangu, nikainuka na kanga tupu. Nusura niangukie nyuma.

Ya kule chooni sitayaandika hata humu. Alifumba macho muda wote. Mimi nilipiga domo, nikamsimulia habari za korona, za nyapara aliyepoteza meno ya bandia kwenye mashine, maji huku yanamwagika. Hakucheka. Aliniuma bega, si kwa mzaha. Alama ipo.

Tuliporudi nilinawa mpaka viwiko. Nikamnawisha yeye ule mkono wa kushoto. Maji ya moto, sabuni, halafu ndimu, kila kidole, chini ya kila ukucha. Nikamrudishia sabuni mara ya pili kwa sababu alisema bado. Mara ya tatu alisema bado. Nikamkausha kwa kanga safi.

Kasema, funga dirisha. Nikafunga.

Sogeza sinia chini, nishushe mkekani. Nikamshusha, nikamwegemeza kitandani.

Toka. Nikasema sitoki, ukianguka je? Kasema basi geuka, na ukigeuza shingo tu sili tena mpaka wanifukie.

Ndiyo hivyo. Niko mlangoni, nimewageuzia mgongo yeye na sinia. Daftari liko gotini, nisipoandika nitachungulia. Nje anapita mtu na baiskeli, kanipungia. Nimempungia.

Bada imeshapoa.

Nimesikia sinia likikwaruza sakafu. Mara moja.

Sasa kimya. Sijui anatafuna, au anautazama tu mkono. Hajasema nigeuke.