Khotsa, Trauti Wako Wamezaa

Khotsa, mjomba wangu,

Wamezaa! Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitapasuka. Wale samaki wako trauti wamezaa, hapa hapa kwetu, kwenye kijito chako kinachotoka chini ya mwamba, hatua chache tu ukitoka msitu wa Isecheno. Nimemshika mmoja kwa mikono hii. Si ndoto wala si pombe. Pombe ilikuwa juzi yake.

Sasa salamu. Kaburi lako limeota nyasi nzuri, mkeo Anti Rosebella anapalilia mwenyewe na hataki mtu amgusie jembe. Mimi mwiwa wako, mtoto wa dada yako, bado ni yule yule: mwanaume aliyeendesha lori mpaka Lubumbashi, akala tende Dubai, akasomea ufundi wa bomba Sigalagala muhula mmoja mpaka walimu wakaona hawana kitu kingine cha kunifundisha. Hiyo ya walimu ulikuwa unaicheka mpaka unakohoa. Siku hizi naisema, watu wanatabasamu kidogo tu. Hakuna anayekohoa, Khotsa.

Jogoo wa Anti naye bado yuko. Yule uliyekuwa unamnyofoa manyoya ya shingo ili utengeneze nzi wa kufunga kwenye ndoano, mpaka wageni wakawa wanauliza hii ni mbegu ya wapi, kuku wa shingo tupu. Kwa desturi mwiwa akija kwa mjomba wake anachinjiwa kuku. Wewe ukanipa manyoya tu, ukasema, "Nyama utakula leo iishe, lakini haya yatakulisha." Nililalamika kijiji kizima. Sasa akiniona jogoo anajificha chini ya ghala, maana kazi yako nimeirithi.

Lakini wacha nirudi nyuma, ujue kwa nini nimepagawa hivi.

Unakumbuka siku uliyotoka Mlima Elgon na lile jerikeni limefungwa gunia lililolowa maji? Ulikuwa umestaafu kule kambini ulikofundisha wageni kuvua, na ulikuja na samaki wadogo ndani. Ukawamwaga kwenye kijito mbele yetu. Ulisema maji yetu ni baridi ya kutosha, ukayanywa ukashika meno. Sisi tukaona vitu vyeusi vinapita, halafu basi. Hatukuwaona tena. Na safari ya siku moja ilikuwa imekuchukua karibu wiki nzima! Ukatuambia ulikuwa unasimama kila kijito chenye maji baridi unabadilisha maji ya jerikeni, ukalala mpaka kando ya mto kule Chekalini, la sivyo wangekufa wote.

Nani alikubali? Petero jirani yako alisema, "Samaki gani hao wanasafiri kama mawaziri? Mzee ana mwanamke Chekalini." Maneno yakashika kama moto wa nyasi kavu. Kila ukipita na ufito wako wa kuvulia, mtu anakuuliza, "Mzee, wale wa Chekalini wanauma leo?" Ukawa unacheka nao. Nyumbani Anti hakuwa anacheka.

Kwamba Anti aliyaamini, sikukuambia ukiwa hai kwa sababu sikujua. Siku tulipokuzika, Petero ndiye alikuwa anashika kipaza sauti. Akasema, "Marehemu alituletea samaki wasioonekana, sasa amewafuata." Watu wakacheka, si kwa ubaya, unajua matanga yetu. Mimi nikamtazama Anti. Hakuwa anamwangalia Petero. Hakuwa anaangalia hata jeneza. Alikuwa anaangalia geti. Saa zote zile, Khotsa, ngoma za isukuti zinalia, watu wanaimba, yeye macho kwenye geti. Alikuwa anangoja mwanamke wa Chekalini aingie na watoto wake.

Hakuingia mtu. Lakini mtu ambaye hakuja huwezi kumfukuza. Tangu siku hiyo Anti hakukanyaga kijito. Maji yako matamu yako hapo chini ya shamba, yeye anapita na ndoo mpaka kwa bomba la sokoni, na goti lile linalomsumbua. Nikimuuliza ananiambia ati maji ya kijito yana ladha ya uongo. Ndio maana mimi nikawa naenda kuvua kila nikipata nafasi. Nilikuwa nakutafutia shahidi.

Sasa Jumamosi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani chai, nyani wameanza kelele zao huko msituni. Nikasimama pale kwenye kona, chini ya ule mti ulioinama, mahali ulikuwa unaniambia, "Usimrushie nzi kama unarushia mbwa jiwe. Mwekee kama unamwekea mgeni chai." Nikamwekea. Hakuna. Nikamwekea tena. Mshipi ukafanya tu, tik. Khotsa, nimewahi kupiga breki ya trela mteremko wa Kisumu, moyo haukuruka vile! Nikavuta, akaruka juu ya maji, nikajirusha mzima mzima, viatu, kofia, simu mfukoni. Simu imekufa. Iende salama.

Nikamshika. Na hapa usicheke. Alikuwa kama kidole. Kidole changu hiki cha kati.

Mwanzo nilitaka kulia kwa hasira. Nimekutafutia shahidi, ananiletea mtoto mchanga! Halafu nikaona ubavuni. Zile alama, Khotsa! Madoa makubwa ya kijivu yamepangana, kama mtu amemshika na vidole vya masizi. Wewe ulituambia: mtoto wa trauti ana alama za vidole, akikua zinafutika. Na wale wako, kama walifika, wamekuwa wakubwa zamani. Kwa hivyo huyu hakutoka Elgon. Huyu ni mzaliwa wa hapa. Huyu ni Mluhya!

Nimwue nimpeleke nyumbani? Mkono ulikataa. Nimtie ndooni? Ulinifundisha kwamba akipata maji ya uvuguvugu anaaga. Basi nikamzungushia mawe pembeni penye maji yanayopita, nikakimbia juu nikitiririka kama mbuzi wa kuoshwa.

Anti alikuwa mlangoni anachambua mrenda.

"Anti, twende kijitoni, nimeshika samaki wa Khotsa!"

Hakuinua hata uso. "Hezron, mwezi uliopita ulishika mamba."

"Ile ilikuwa stori. Hii ni kweli."

"Na chui aliyekuomba lifti?"

"Anti, haki ya Mungu."

"Mungu umemchosha, mwache apumzike."

Nikabaki hapo nikidondosha maji kwenye mrenda wake. Halafu nikasema tu ilivyo. "Ni mdogo, Anti. Ni mdogo sana. Ni kama hiki kidole."

Mikono yake ikasimama. Akaniangalia, kwanza kidole, halafu uso. Miaka yote amenijua, sijawahi kuleta hadithi ya samaki mdogo. Hata dagaa wa kununua nilikuwa nawaongezea. Akaweka sinia chini.

"Nipe fimbo yangu."

Tuliteremka polepole kwa sababu ya goti. Petero alikuwa kwake ng'ambo anafunga ng'ombe, akaona Rosebella anaenda kijitoni, akaacha kamba akaja. Hiyo peke yake ilikuwa habari.

Samaki alikuwa bado pale, anatingisha mkia ndani ya mawe yangu. Petero akainama. "Aah, huyo ni dagaa."

"Dagaa wa wapi, Petero?" Anti akamwuliza. "Ametembea kutoka ziwani na miguu?"

Akachuchumaa, goti na yote. Akatia mkono kwenye maji, akautoa haraka kwa baridi, akautia tena. Samaki akamjia akasimama karibu na kidole gumba chake. Alama zile zikaonekana wazi, moja moja. Niamini, Khotsa, sikuongeza hata moja.

Halafu akasema, si kwetu, "Kwa hivyo alikuwa anabadilisha maji."

Hiyo tu. Petero akavua kofia. Akataka kusema kitu cha kuchekesha, nikaona kinamjia mdomoni kikarudi. Akasema, "Pole, mama." Anti akatoa jiwe moja kwenye ule ukuta wangu kwa mkono wake mwenyewe, na mtoto wako akaenda. Anti alilia, ndio, lakini alikuwa anacheka ndani yake, na akaniambia wewe ulikuwa mjinga sana kulala nje Chekalini bila sweta.

Leo asubuhi nimemkuta kijitoni na ndoo.

Mwezi wa kumi na mbili tutafanya kumbukumbu yako, na Petero hatashika kipaza sauti. Anti amesema atasimama yeye. Amesema pia nisimame karibu, nishuhudie, lakini nisiongeze kitu.

Kwa hivyo lala, Khotsa. Lala vizuri, lala kama mtu aliyefikisha mzigo. Mti ulioinama nitaulinda, kivuli kisitoke juu ya maji. Jogoo nitamwachia shingo yake mpaka watoto wale wakue. Na nakuahidi jambo ambalo sijawahi kumwahidi mtu: huyu samaki hataongezeka hata nusu inchi mdomoni mwangu. Akiongezeka, aongezeke huko kwenye maji.

Mwiwa wako,
Hezron