Mama Yako Hakutaka Kushuka Garini

Yadi ya Malori,
Ofisi ya Meneja (ya zamani),
Barabara ya Viwandani.
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Mpendwa mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu,

Pokea salamu nzito, za kubebwa na tela. U hali gani huko ugenini? Mkeo hajambo? Na wale wajukuu zangu, wanakula wakashiba? Sisi huku tunapumua. Mgongo wangu unalia kama bawaba na sukari inapanda na kushuka kama bei ya dizeli, lakini nikisimama mlangoni bado hapiti mtu. Mke wangu mzima, na ulimi wake mzima zaidi.

Uliniuliza kwenye simu mbona mama yako hapokei mchana, nikakujibu amelala. Hakuwa amelala. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikiona jambo zito linakuja, mdomo wangu unakimbilia mzaha. Wewe unacheka, tunaagana, na hakuna kilichosemwa.

Unanijua mimi. Shule niliiaga darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniaga, lakini wenye digrii pale yadi walikuwa hawakai mpaka nikae. Nilianza kwa kuosha matairi, nikawa fundi, nikawa muuzaji, nikawa meneja mwenye kiti cha kuzunguka. Kuna mtu aliingia kuulizia choo, akatoka na lori la tani kumi. Kipofu mmoja nilimuuzia kioo cha pembeni, na kesho yake akarudi kuchukua cha upande wa pili. Tela nimewahi kulirudisha nyuma mpaka ndani ya geti huku nimeshika kikombe cha chai, na chai haikutikisika. Ungemuuliza mlinzi wa zamani. Ameshafariki, lakini angekuambia.

Sasa habari yenyewe. Lile lori alimofia mdogo wako lilirudi kwetu.

Sijui wewe ulielezwaje. Homa ilimshika safarini, akasema atakaza mpaka afikishe mzigo. Alipoona hawezi tena akaegesha kando ya barabara. Akavuta breki ya mkono, akashuka, akaweka mawe chini ya matairi, akasimamisha pembetatu ya tahadhari nyuma, akapanda tena na kukaa kwenye kiti chake. Madereva wenzake walimkuta asubuhi. Gari halikuwa na hata mkwaruzo. Hawakumwita Taratibu bure.

Baada ya hapo hakuna dereva wa kampuni yao aliyekubali kulipanda. Wakaturudishia, wakachukua jipya. Tajiri wetu akasema lioshwe, lipigwe rangi, liuzwe. Kwake chuma ni chuma.

Mama yako alisikia, sijui kwa nani. Asubuhi moja nikamkuta getini na mtandio wake na chupa ya maji. Akasema, "Nataka kuliona tu." Nikamshika kiwiko, akapanda upande wa abiria. Hakushuka mpaka tulipofunga yadi. Kesho yake akaja, na kesho kutwa, na siku zote zilizofuata. Anafuta kioo cha mbele, kisha anakaa na kutazama mbele kama vile gari linakwenda. Kiti cha dereva hakukigusa, hata mkoba hakuweka pale. Simu anaizima. Na halii, mpwa wangu. Tangu mazishi dada yangu alikuwa hajatoa chozi, na mimi jicho kavu la mama linanitisha kuliko kilio.

Nikaanza kazi nisiyoijua: kuzuia gari lisiuzwe. Mteja wa kwanza nikamwambia linakunywa mafuta kama mlevi wa bure. Wa pili nikamwambia gia ya nne huingia ikipenda. Mwingine nikamwapia kwamba honi yake iliwahi kulia wiki nzima bila kuguswa. Wote wakatoka mbio. Mafundi wakanitania, "Meneja, siku hizi unauza au unafukuza?"

Tajiri akaniita ofisini kwake juu.

"Wewe uliyeuza mpaka magari yasiyo na injini, lori moja linakushinda?"

"Soko baya, tajiri."

"Hilo soko nimeliona kutoka dirishani. Limekaa kiti cha abiria, limejifunga mtandio. Mtoe dada yako humo, au mtoke wote wawili."

Nilikwenda mpaka mlango wa lori kumwambia. Nikamkuta anafuta kioo. Nikamuuliza kama anataka chai.

Juma lililopita akaja mteja mmoja, mfanyabiashara wa mchanga na kokoto, pamoja na dereva wake, bonge la mtu, mcheshi. Kabla sijafungua uongo wangu, dereva ameshapanda.

"Shikamoo mama! Na wewe unauzwa pamoja na gari?"

"Marahaba. Mimi nimekaa tu."

Akajitupa kwenye kiti cha mdogo wako na kushika usukani. Nilikimbia, na mimi si wa kukimbia, nikijua dada yangu atamrarua. Hakumgusa. Aliitazama tu ile mikono juu ya usukani.

"Ukiugua njiani unafanyaje, mwanangu?"

"Nakaza, mama. Mzigo hausubiri homa."

Mama yako akashuka. Akaja mpaka niliposimama, akasema mbele ya mteja, "Huyu usimuuzie. Huyu naye atakufa."

Mteja akauliza kulikoni. Nikafungua mdomo nitunge kitu, nikawahiwa. Dada yangu akamweleza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia: mwanangu alifia pale alipokaa dereva wako. Yule bonge alishuka haraka kuliko alivyopanda. Lakini mteja alifikiri kidogo tu, kisha akaomba apunguziwe bei. Tajiri akateremka ngazi mwenyewe, wakamalizana palepale.

Usidhani nilinyamaza. Nilimwambia tajiri maneno ambayo siyaandiki, maana barua inaweza kusomwa na watoto. Watu watakuambia nilifukuzwa. Nilijiuzulu kwa heshima zangu zote, ila funguo walikuwa wameshaninyang'anya.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Dereva alikaa kwenye usukani hataki kuwasha, yule mteja, bosi wake, anamfokea. Mama yako akausogelea mlango, akaugonga kwa kiganja.

"Ukisikia homa, simama. Simama mapema, mwanangu. Mzigo si mtu."

"Nimesikia, mama," akajibu, na safari hii hakucheka.

Lori likatoka. Pale lilipokuwa limeegeshwa pakabaki pakavu, kote kwingine sakafu imelowa. Dada yangu akaenda kusimama kwenye ule ukavu. Hapo ndipo alipolia. Alikaa chini akamwita mdogo wako, si Taratibu, alimwita kwa jina alilompa yeye mwenyewe siku aliyomzaa, mara nyingi, kama anayemwita mtoto aingie ndani. Mafundi wakazima kompresa. Nikakaa chini kando yake na suti yangu, mvua ikatunyeshea mpaka pale pakavu pakaisha.

Sasa yuko hapa kwangu. Anakula kidogo, analala kidogo. Jana amesema anataka akapaone pale barabarani alipoegesha mwanawe. Nikamwambia twende hata kesho, napajua. Amekataa. Anasema alizaa wawili, na hawezi kwenda kumtafuta mmoja bila mwingine.

Mazishini hukuwahi, na hapa hakuna anayekuhesabia. Tunajua ulivyobanwa huko. Lakini hili, mpwa wangu, usiniachie mimi. Mimi naweza kumchekesha mama yako, naweza kumshika kiwiko akapanda na kushuka. Siwezi kuwa mwanawe. Njoo, hata kama ni kwa siku chache, hata mikono mitupu. Sina tena lori la kuwabeba, kwa hiyo tutapanda basi kama watu wengine. Wewe utakaa naye, mimi nitakaa kiti cha nyuma nifunge domo langu. Naapa nitalifunga.

Mke wangu anakusalimu sana, na shangazi yako mwenye duka, na fundi rangi aliyekufundisha baiskeli ukamvunjia taa. Mbusu mkeo kwa niaba ya mama yako, na uwaambie watoto wana bibi.

Mungu akufungulie njia iliyofungwa, akuepushe na shari ya barabara, akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kwa kelele zangu zote,

Meneja