Kaseti Niliyoificha Kwenye Debe la Michembe

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika na jua linatoka upande wa ziwani.

Kwanza nawasalimu wote mnaosoma hapa. Baba Minza hajambo, ni goti tu linamsumbua kukiwa na baridi kama hii. Mama mkwe hajambo, shikamoo zenu nimemfikishia, anasema marahaba. Mwanangu Doto hajambo, yuko saluni kwake Igoma. Dada yake, Minza, yuko kwenye basi, nimemsindikiza stendi ya Buzuruga asubuhi, anarudi Dar. Na mimi sijambo. Wiki nzima nilikuwa naitikia hivyo kwa mdomo tu, leo ni kweli.

Kwa asiyejua, mwanangu Minza anachora katuni. Kuna gemu la zamani watoto wa Kirumba walikuwa wanaliita Dada Mkuki, maana lina msichana anayetembea na mkuki begani. Lilishakufa. Sasa wenyewe wanalifufua, wanalitengeneza upya lenye picha safi, na pamoja nalo wanatoa katuni ya kwenye TV. Minza kapewa sehemu moja ya hiyo katuni. Akachagua pale Dada Mkuki anapovuka ziwa.

Bosi wake akasema kwenye gemu hilo hakuna ziwa. Wakatafuta wote, hawakuliona.

Kumbe kaseti za gemu hilo zilizokuwa zinauzwa huku kwetu zilichakachuliwa, na waliozichakachua waliongeza ziwa lao wenyewe. Minza akaambiwa alete ushahidi kabla ya Jumatatu, la sivyo sehemu yake inafutwa. Wenzake wakaanza kumwita Mama Ndoto.

Akanipigia analia. "Mama, usingeitupa ile kaseti yangu, leo ningewaonyesha."

Sikuitupa.

Ilikuwa hivi. Minza alikuwa darasa la saba, mtihani unakaribia, na yeye kutwa yuko mbele ya TV. Mimi niliishia darasa la nne, jamani, niliogopa naye asije akaishia njiani. Siku moja nikachomoa waya, nikachukua kaseti, nikamwambia nimeitupa ziwani pale Mwaloni nilipokwenda kununua dagaa. Nilikuwa nataka nimrudishie akimaliza mtihani. Akamaliza, akafaulu, nikaona aibu. Mzazi nimesema nimetupa, naanzaje kusema nilidanganya?

Basi ikakaa kwenye debe la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ndani ya mfuko wa nailoni. Kila mwaka viazi vipya vikikauka naitoa, naifuta, nairudisha chini kabisa. Baba Minza mwenyewe alikuwa hajui. Nilikuwa naiangalia kama mtu niliyemfungia ndani.

Siku mbili sikula vizuri. Mwanangu anaitwa mwongo, na mwongo ni mimi. Jumatano nikampigia, nikasema njoo nyumbani. Kusema sababu kwenye simu nilishindwa. Akadhani naumwa, maskini.

Jana asubuhi huyo mlangoni, macho mekundu ya safari. "Mama, unaumwa nini?" Nikamimina michembe yote kwenye ungo mbele yake, na kaseti ikaanguka juu.

Minza aliigusa. Akachukua kipande cha mchembe, akatafuna taratibu. Halafu akasema, "Mama, mimi nilikuwa naenda Mwaloni kila nikitoka shule. Naangalia majini kama imeelea."

Nilikaa chini palepale sakafuni. Nikamwambia nisamehe mwanangu, niliogopa tu. Mama mkwe aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akadakia: "Na mimi nilikuwa nashangaa, mwanamke gani hataki mtu amsaidie kupika michembe!" Minza akacheka. Akacheka mpaka akaniegemea, na mimi nikalia huku nacheka.

Tukaenda kwa Masalu, fundi redio, bado ana TV ya chogo na mashine ya kuchezea kaseti. Mara ya kwanza ikagoma. Masalu akaipuliza, unga wa viazi ukatoka, akanitazama: "Mama Minza, hii kaseti au uji?" Ya pili ikawaka.

Minza akacheza kama ameacha jana. Mlango wa kwanza, wa pili, msitu. Halafu maji. Ziwa lote la bluu, mawe marefu yamesimama ndani yake kama haya ya kwetu. Akampa Masalu simu arekodi, akamtumia bosi. Jibu likaja hata soda hatujamaliza. Bosi kaomba msamaha na sehemu yake inabaki.

Nashusha pumzi mpaka sasa.

Lakini Minza hakumvusha Dada Mkuki. Alipofika katikati ya maji akaweka rimoti chini, akasema, "Hapa ndipo ulipochomoa waya, Mama." Hakusema kwa ubaya. Akazima mwenyewe, akaifunga kaseti kwenye kanga yangu, akasema atammalizia kwenye karatasi.

Minza, najua utasoma hii ukiwa njiani. Michembe nimekuwekea kwenye mfuko mweusi, gawana na hao wanaokuita Mama Ndoto. Ukifika usikae kimya kama kawaida yako, nitumie ujumbe upesi. Na siku ukimaliza kuchora niambie mimi wa kwanza, kabla ya bosi, kama Dada Mkuki amefika ng'ambo.